Edison naye alianza na gridi ndogo

Miaka michache iliyopita nilifika katika kijiji kimoja kinachotumia umeme wa jua, mbali na nguzo za umeme wa taifa. Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa kali, betri zilikuwa zimejaa, na fundi wa mtambo alikuwa amekaa chini ya mwembe hana la kufanya. Mita kama mia mbili kutoka hapo mashine ya kusaga nafaka ilikuwa ikinguruma kwa dizeli. Umeme ulikuwapo na kazi ilikuwapo, lakini viwili hivyo vilikuwa havijakutana.

Jioni watu waliwasha taa, wakachaji simu, wengine wakaenda kibandani kuangalia mpira. Kwa mapato ya aina hiyo, mwenye mtambo alikuwa hajui betri zikichoka atanunua nyingine kwa fedha gani. Na zikichoka bila kupatikana nyingine, kijiji kizima kinarudi kwenye kibatari.

Njiani nikirudi nilimkumbuka Thomas Alva Edison. Wengi wetu tulimsoma shuleni kama Mmarekani aliyevumbua balbu, tukaishia hapo. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, habari yake kubwa ni nyingine kabisa. Kitu alichokifungua mjini New York mwaka 1882, kwa vipimo vya leo, kilikuwa gridi ndogo: mtambo mmoja, eneo dogo la waya, wateja themanini hivi. Naye alipata hasara kabla ya kupata faida.

Mboga, magazeti na mkopo

Edison alizaliwa Februari 11, 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio. Alipokuwa na miaka saba familia yake ilihamia Port Huron, Michigan. Shule alikaa muda mfupi tu, kisha mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, akamfundisha nyumbani. Masikio yake yaliharibika tangu utotoni na hakusikia vizuri maisha yake yote.

Biashara yake ya kwanza ilikuwa mboga. Familia ilikuwa na shamba karibu na nyumba, nao walipanda mahindi, vitunguu, figili na mboga nyingine, kijana akizungusha mjini kwa mkokoteni wa farasi. Hakupenda jembe, na hilo hakulificha. Mwaka 1859, akiwa na miaka 12, alipata kazi ya kuuza magazeti na peremende ndani ya treni iliyokwenda Detroit asubuhi na kurudi jioni. Mjini alinunua mboga sokoni na kuzileta Port Huron kuuza. Kwa wakulima wa njiani alinunua siagi na matunda. Leo tungemwita mchuuzi, tena mchuuzi mwenye akili.

Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, yalitokea mapigano makubwa ya Shiloh. Kijana huyu aliona watu wa Detroit wanavyogombania gazeti. Akaenda kwa mtuma simu wa reli, akamwomba atangulize habari hiyo kwenye vituo vya mbele iandikwe kwa chaki kwenye ubao. Kisha akaenda kwenye ofisi ya gazeti na kuomba nakala 1,000 kwa mkopo, wakati kawaida yake ilikuwa mia moja au mia mbili. Treni ilipofika vituoni watu walikuwa tayari wamejaa, na bei ikawa inapanda kituo hadi kituo. Zote ziliisha.

Mwaka huo huo aliokoa mtoto wa mkuu wa kituo asigongwe na behewa, na baba wa mtoto kwa shukrani akamfundisha kazi ya simu za maandishi. Ndiyo kazi iliyomwingiza kwenye umeme.

Hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, ya mwaka 1869, ilikuwa mashine ya kuhesabu kura za wabunge kwa haraka. Ilifanya kazi vizuri, lakini hakuna aliyeitaka, kwani wabunge walipendelea kura zichukue muda ili waendelee kushawishiana. Tangu hapo Edison alijiwekea sharti la kutotengeneza kitu kabla hajajua nani atakinunua. Alihamia New York, akatengeneza vyombo vya kupeleka bei za soko la hisa kwa waya, akapata fedha na kufungua karakana. Mwaka 1876 alijenga maabara yake Menlo Park, New Jersey. Mwaka uliofuata alitoa santuri, mashine ya kwanza iliyonasa sauti na kuirudisha, akajulikana dunia nzima.

Shaba ndiyo iliyokuwa ghali

Alipoanza kushughulikia taa mwaka 1878, Edison hakuwa mtu wa kwanza. Wengine walikuwa na balbu kabla yake au sambamba naye, akiwamo Joseph Swan wa Uingereza, ambaye baadaye kampuni zao ziliungana huko. Tofauti yake ni kwamba alianza na hesabu ya bei.

Mshindani wake alikuwa gesi itokanayo na makaa ya mawe, iliyokuwa tayari imetandazwa kwa mabomba katika miji mikubwa. Edison alijua kwamba mtu hatabadili taa kwa sababu umeme ni ajabu. Atabadili kama bei haizidi ile anayolipa sasa. Akapiga hesabu kutoka bei ya gesi kurudi nyuma, akisaidiwa na mwanahisabati Francis Upton, na akakuta kizuizi kikubwa ni shaba. Taa za wakati ule zilivuta umeme mwingi kwa mkupuo, na umeme mwingi unataka waya nene kama mkono. Kwa mtaa mmoja tu shaba ingekula mtaji wote.

Ni kama bomba la maji. Ukitaka kupitisha maji mengi kwa msukumo mdogo utanunua bomba pana, lakini ukiongeza msukumo bomba jembamba linatosha. Edison akatafuta balbu yenye uzi mwembamba unaovuta umeme kidogo kwa msukumo mkubwa zaidi. Oktoba 1879 uzi wa pamba uliounguzwa ukawa mkaa ulifanya kazi, na mwaka 1880 akahamia kwenye nyuzi za mianzi zilizodumu zaidi ya saa 1,000. Akabadili pia mpango wa kutandaza waya, na mwaka 1883 akaleta mfumo wa waya tatu badala ya jozi mbili, uliookoa zaidi ya nusu ya shaba. Kwa maoni yangu, kazi hii ya shaba ilikuwa kubwa kuliko balbu yenyewe, ingawa vitabu vya shule vinaipita haraka.

Kabla ya kuchimba mtaro hata mmoja aliwatuma watu kupita nyumba kwa nyumba katika eneo alilolichagua, kusini mwa kisiwa cha Manhattan. Walihesabu kila taa ya gesi, inawaka saa ngapi kwa siku na mwenyewe analipa kiasi gani. Nimeona miradi ya siku hizi ambayo haikufanya hata robo ya utafiti huo.

Wateja themanini

Mtambo wake ulikuwa katika Mtaa wa Pearl. Ulitumia makaa ya mawe kuchemsha maji, mvuke ukaendesha dainamo zenye uzito wa tani 27 kila moja. Waya zilifukiwa chini ya ardhi, kazi iliyochukua muda mrefu na kula fedha nyingi. Jumatatu, Septemba 4, 1882, saa tisa alasiri, umeme ulifunguliwa. Dainamo moja ilizunguka na taa 400 hivi zikawaka, nyingine katika ofisi za benki ya J.P. Morgan, mmoja wa waliotoa mtaji.

Miezi ya mwanzo wateja hawakulipa kitu. Ankara zilianza kutolewa Januari 1883. Kifaa cha kupimia kilikuwa chupa yenye vipande vya zinki ndani ya maji ya dawa. Umeme ulipopita, zinki ilihama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, na kila mwezi mfanyakazi alichukua vipande kwenda kuvipima kwenye mizani. Wakati wa baridi kali iliwekwa taa ndani ya boksi la mita ili dawa isigande. Tatizo ni kwamba mteja hakuweza kuisoma mwenyewe. Alipaswa kuamini mizani ya muuzaji, na msomaji anayeuza pamba au korosho anajua ugumu wa jambo hilo.

Mwaka 1883 mtambo ulipata hasara. Mwaka 1884, ulipofikisha wateja zaidi ya 500 na taa zaidi ya 10,000, ukaanza kutoa faida. Lakini kasoro mbili zilibaki. Kwanza, umeme wake ulikuwa wa mkondo mnyoofu, yaani wa upande mmoja kama wa betri, kwa msukumo wa volti 110 hivi. Haukuweza kwenda mbali. Kabla ya maili moja kutoka mtamboni taa zilififia, kwa hiyo kila mtaa ulihitaji mtambo wake. Pili, taa huwashwa giza likiingia. Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya saa chache za jioni ilikaa mchana kutwa na kazi kidogo, huku riba ya mtaji ikiendelea kuhesabiwa.

Miji midogo nayo ilijaribu. Huko Appleton, Wisconsin, mwenye kiwanda cha karatasi aliweka dainamo ya Edison kwenye maporomoko ya mto Fox, ikawaka Septemba 30, 1882. Hawakuwa na mita. Mteja alilipa kwa idadi ya taa, azime au asizime, na aliyekuwa zamu mtamboni alikadiria nguvu ya umeme kwa kuangalia mwanga kwa macho. Januari 1883 kijiji cha Roselle, New Jersey kilipata waya za juu ya nguzo badala ya mitaro, na Julai 4 mwaka huo Sunbury, Pennsylvania ikawasha mfumo wa kwanza wa waya tatu. Nguzo za miti zilikuwa rahisi mno kuliko mtaro, na kwa mji mdogo hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti ya kupata umeme au kuukosa.

Jibu la mchana lilikuja kwa njia ya mota. Frank Sprague, aliyewahi kufanya kazi kwa Edison, alitengeneza mota nzuri, na kuanzia katikati ya miaka ya 1880 zikaanza kuendesha lifti na mashine za viwanda vidogo. Mwenye mtambo akawa na mteja anayenunua umeme saa nne asubuhi.

Aliyeielewa hesabu hii kuliko hata bwana wake ni Samuel Insull, kijana wa Kiingereza aliyekuja mwaka 1881 kuwa karani wa Edison. Mwaka 1892 alikwenda kuendesha kampuni ya umeme Chicago. Aliona kwamba gharama kubwa ya umeme ni mtambo kukaa bure kuliko makaa yanayoungua. Akaleta bei ya sehemu mbili: sehemu moja kwa ukubwa wa umeme mteja anaotaka awekewe tayari, na nyingine kwa uniti anazotumia. Anayetumia saa nyingi akalipa kidogo kwa uniti. Mwaka 1910 alichukua vijiji vya wilaya ya Lake, kaskazini mwa Chicago. Vingine havikuwa na umeme, vingine vilikuwa nao kuanzia jioni hadi usiku wa manane tu. Akaviunganisha kwa laini moja, pamoja na baadhi ya mashamba, akawapa umeme saa 24, na gharama ya kila uniti ikashuka. Insull aliishia vibaya, kampuni zake zilianguka mwaka 1932, lakini hesabu ile haikuanguka.

Aliposhindwa

Sitaki msomaji adhani Edison alipatia kila jambo. Mwaka 1886 George Westinghouse alianza kuuza mkondo geu, ambao kwa kutumia transfoma unaweza kuongezwa msukumo, ukasafirishwa mbali kwa waya nyembamba, kisha ukapunguzwa nyumbani kwa mteja. Jibu la shaba lilikuwa hapo. Edison alilikataa. Mali yake yote ilikuwa kwenye mkondo mnyoofu, naye akapiga kampeni ya kutisha watu kwamba umeme wa mwenzake unaua, mpaka wanyama wakauawa hadharani kuthibitisha. Ilikuwa kampeni mbaya na alishindwa. Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine ikawa General Electric, na jina la Edison likaondolewa.

Aliuza hisa zake na kuzika fedha hizo kwenye mradi wa kuchuja madini ya chuma milimani New Jersey. Chuma cha bei rahisi kikapatikana kwa wingi Minnesota, na mradi ukafa akiwa amepoteza kama dola milioni mbili. Kiwanda cha saruji alichokianzisha baadaye kilitumia mashine nyingi za mradi huo.

Kilichobaki, na kinachotuhusu zaidi sisi, ni betri. Kuanzia mwaka 1899 alitafuta betri nyepesi na ya kudumu kuliko ya risasi na tindikali. Alichagua nikeli na chuma. Ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1903, ikaanza kuvuja, naye akasimamisha uzalishaji na kurudi maabara kwa miaka kama mitano. Ile ya mwaka 1909 ilikuwa ngumu kweli, ikatumika migodini na kwenye reli. Mwaka 1912 aliwaonyesha watu nyumba inayojitegemea: injini ndogo ya petroli inachaji betri, betri zinawasha taa na vyombo vya nyumbani, bila waya wowote kutoka nje. Ukiondoa injini na kuweka paneli ya sola, ni nyumba ya leo kabisa. Bei yake ilikuwa ya matajiri. Wakulima wa Marekani waliomudu walinunua baadaye mitambo midogo iitwayo Delco-Light, iliyoanza kuuzwa mwaka 1916.

Uzeeni alirudi kwenye kilimo kwa njia yake. Tangu mwaka 1927, akisaidiwa na Henry Ford na Harvey Firestone, alipima maelfu ya mimea akitafuta mpira unaoweza kulimwa Marekani, akachagua ua la mwituni la njano. Biashara haikutokea.

Alifariki Oktoba 18, 1931, akiwa na hati 1,093 za uvumbuzi za Marekani. Taa zilipunguzwa nchini kote kumkumbuka. Lakini katika nchi hiyo hiyo, karibu miaka 50 baada ya Mtaa wa Pearl, takriban mashamba tisa katika kila kumi hayakuwa na taa ya umeme ya kupunguza. Kampuni ziliona mkulima yuko mbali na anatumia kidogo. Mwaka 1935 serikali ilianzisha wakala wa umeme vijijini, na wakulima wakaunda vyama vya ushirika, wakakopa na kujenga laini zao wenyewe. Vyama vilihimiza wanachama wanunue pampu za maji na vyombo vya kupozea maziwa, kwa sababu waya wa kuwasha taa peke yake usingelipa mkopo.

Kurudi chini ya mwembe

Paneli ya silikoni, iliyotengenezwa kwanza Marekani mwaka 1954, hutoa mkondo mnyoofu, ule ule wa Edison. Betri nayo ni hivyo hivyo. Kwetu Tanzania sheria ya umeme ya mwaka 2008 ilifungua njia kwa wazalishaji wadogo, na mwaka 2016 gridi ndogo ya jua ilianza katika kijiji cha Bwisya, kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Tatizo la mita kwa kiasi kikubwa limekwisha: mteja ananunua uniti kwa simu kabla ya kutumia, na anajionea salio mwenyewe.

Tatizo la mchana ndilo limebaki, tena kwa sola ni kali zaidi. Makaa ya mawe yanaweza kungoja stoo mpaka jioni. Jua la saa saba lazima utumie au ulihifadhi kwenye betri, na betri ndicho kifaa cha gharama kinachochoka mapema. Uniti inayosaga mahindi mchana haipiti kwenye betri. Uniti inayowasha taa usiku imepita humo na kuipunguzia siku zake za kuishi. Hizi ni bidhaa mbili zenye gharama tofauti, lakini mara nyingi zinauzwa kwa bei moja.

Ndivyo ilivyokuwa katika kile kijiji. Siku ya pili nilikwenda kuzungumza na mwenye mashine ya dizeli. Hakuwa mtu wa kukataa mabadiliko. Aliniambia injini yake aliinunua kwa mkopo na alikuwa amebakiza misimu miwili kumaliza. Mota pamoja na kubadilisha mashine vilihitaji fedha taslimu, na waliomkopesha mwanzo walitaka deni la kwanza liishe. Bei ya uniti aliyopewa ilikuwa ile ile ya mtu wa balbu mbili, mchana na usiku. Alipiga hesabu ya dizeli kwa debe, akapiga ya umeme kwa debe, akaona anatoka sawa. Kwa faida ya sifuri, nani atabadili injini aliyoizoea?

Nilimuuliza kama mwenye mtambo amewahi kuja kumuuliza anasaga debe ngapi kwa siku, saa ngapi, na dizeli inamgharimu kiasi gani. Alisema hapana. Wageni waliokuja walihesabu nyumba.

Nilipoondoka fundi alikuwa ameniahidi kupeleka hesabu ile ya madebe kwa mkubwa wake, pamoja na ombi la bei ya mchana.